Je, Wajua? Upepo Unaovuta Tiara Pwani Ndio Unaoamua Mvua ya Ukambani

Kaunti za Kitui na Makueni hazina hata hatua moja ya ufuo. Maji mapana ambayo watoto wengi wa huko huyaona ni lambo la ng'ombe, au mto wa msimu siku chache baada ya mvua kubwa. Ndiyo maana ikitajwa kaitisafingi, mchezo wa kusimama juu ya ubao na kuvutwa baharini na tiara kubwa, wengi Ukambani huuona kuwa jambo la watalii wa Diani na Watamu. Nimekusanya hapa yale yaliyonishangaza kuhusu mchezo huu na namna mwanagenzi anavyofunzwa katika shule za ufuoni. Karibu kila nilipogusa nilikuta njia inayorudi bara, hadi mtama wa Mwingi na maembe ya Makueni.

Shule ikifungwa, shamba linafunguliwa

Pwani yetu ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki, hushika kasi mwezi Juni na kuendelea hadi Septemba. Hiyo ndiyo misimu miwili ya shule za tiara kuanzia Diani hadi Paje kule Unguja. Kati ya misimu hiyo kuna vipindi viwili vya mpito, ambavyo mabaharia huviita tangambili: Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba. Upepo wakati huo hauna msimamo. Asubuhi umelala, mchana unazunguka, jioni haupo.

Sasa tazama kalenda ya mkulima wa Kitui. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ni karibu vipindi vilevile ambavyo mwanafunzi wa tiara hukosa upepo, na si sadfa hata kidogo. Ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua linapovuka ikweta. Unapopita juu yetu, pepo mbili hukutana na kudhoofishana, na hewa iliyokuwa ikikimbia kandokando ya pwani huanza kupanda. Hewa inayopanda hupoa, mvuke uliomo hugeuka matone, mvua inanyesha. Upepo ukishika njia moja tena na kuvuma siku nenda siku rudi, hewa haipandi, na Ukambani hukauka. Januari ambayo mwanafunzi wa Diani anaisifia kwa upepo wake mzuri ndiyo Januari ambayo mkulima wa Kyuso ameshavuna alichojaliwa na anaanza kuhesabu madebe ya maji.

Jambo jingine ambalo wageni wa pwani hawalijui: katika sehemu nyingi za Kenya masika ndiyo msimu mkuu wa kilimo, lakini Kitui na Makueni hutegemea zaidi vuli. Kwa hiyo wiki zile za Novemba ambazo shule ya ufuoni huziona kuwa wiki mfu, kwa kaunti hizi mbili ndizo wiki za uhai. Vuli yenyewe huyumbishwa na bahari. Mwaka 2019 maji ya magharibi mwa Bahari Hindi yalipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, na mvua ikawa mafuriko. Mwaka 1997 ilikuwa vivyo hivyo, tena El Niño ikiongezea nguvu yake.

Kusi haiishii ufuoni

Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa aliyeitwa Findlater alichapisha uchunguzi wake kuhusu mkondo mkubwa wa upepo unaopita chini chini juu ya Kenya katika miezi ya Juni hadi Agosti. Mkondo huo, ambao wanasayansi bado huuita kwa jina lake, husafiri takriban kilomita 1 hadi 1.5 juu ya ardhi na unaweza kupita kasi ya noti 50, yaani zaidi ya kilomita 90 kwa saa. Nyanda zetu za juu huuzuia kwenda magharibi. Basi hubanwa, hukata nyanda kame za mashariki mwa Kenya kuelekea Garissa, hupinda juu ya Somalia na kuvuka Bahari ya Arabuni mpaka India.

Yaani kusi inayomvuta mwanafunzi wa Diani mwezi wa Julai ni ukingo wa chini wa upepo ambao, jirani kabisa na mashariki ya Kitui, unakimbilia kuinyeshea Kerala. Unapita bila kuidondoshea Kitui chochote cha maana. Nadhani jambo hili lingestahili kufundishwa katika kila shule ya Mutomo na Endau.

Siku 26 kwenda, miezi 3 kurudi

Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na nahodha mwenyeji wa bahari hii, kusi ikianza kuamka, na akafika upande wa Calicut tarehe 20 Mei. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ikomae. Alikaa baharini karibu miezi 3, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na aliiona tena Malindi mwezi Januari 1499. Mwanafunzi wa tiara hukutana na sheria hiyohiyo mapema sana. Kwenda na upepo mtu hujifunza kwa muda mfupi. Kubisha, kurudi alikotoka kwa kuukabili upepo upande upande, ndiko kunakomchukua muda. Karibu wote wanaoanza huishia kutembea ufuoni na ubao kwapani, wakirudi mahali walipoingilia majini.

Somo la kwanza ni pakavu

Mtu anaweza kumaliza siku yake ya kwanza katika shule ya tiara bila kulowa magoti. Hupewa tiara ndogo ya mazoezi, ya mita mraba 1 hadi 3, na kusimamishwa mchangani akiupa upepo mgongo. Kisha mwalimu humchorea saa mbele yake, saa iliyosimama wima angani. Namba 12 iko juu ya utosi. Namba 9 iko kushoto usawa wa ardhi, namba 3 kulia. Tiara huweza kuruka popote ndani ya nusu duara hiyo, na kazi yote ya siku ya kwanza ni kuipeleka kutoka namba moja hadi nyingine bila kuitazama muda wote.

Kwa nini namba hizo zina uzito hivyo? Kwa sababu mahali tiara ilipo ndipo penye kuamua inavuta kiasi gani. Ikiwa ukingoni, kwenye 9, 3 au 12, huvuta kidogo. Ikishushwa katikati, mbele ya kifua, hupita ndani ya upepo wote na kuvuta kwa nguvu zake zote. Mwanafunzi akiizungusha pale katikati bila kukusudia huinuliwa au kuburutwa kifudifudi. Ndiyo sababu wanaanza na tiara ndogo. Kosa lilelile likifanywa na tiara ya mita mraba 12 ni ajali.

Kuna silika moja ambayo kila mwalimu hupambana nayo. Tiara kubwa huongozwa kwa ufito ulioshikwa kwa mikono miwili, nao umeunganishwa na mkanda wa kiunoni. Kuuvuta ufito karibu na mwili huongeza nguvu ya tiara. Kuusukuma mbali huipunguza. Mtu akishtuka huvuta. Mwili wote unamwambia ashike kwa nguvu, na kadiri anavyoshika ndivyo tiara inavyozidi kumpeleka. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa kufunzwa, kabla ya kuruka, kabla ya ubao, ni kuachilia. Hatua ni tatu: achia ufito, ikiwa bado unavutwa, sukuma kifyatulio cha dharura ili tiara ianguke ikiwa imeshikwa na uzi mmoja tu, na ikiwa hata hapo kuna hatari, fungua mshipi wa usalama na uiache iende. Tiara ni ghali, lakini hununuliwa tena. Shule isiyomrudisha mwanafunzi kwenye hatua hizo tatu mpaka mikono yake ikazijua bila kufikiri, mimi nisingempeleka ndugu yangu huko.

Baada ya hapo huja kuburutwa. Mwanafunzi huingia majini bila ubao, hulala kifudifudi, na tiara humvuta huku na huku mpaka ajue kwenda anakotaka kwa kutumia mkono mmoja majini. Wasiojua huliona zoezi hili kuwa la kupoteza wakati. Kumbe ndilo litakalomwezesha kuufuata ubao wake ukimponyoka, kwa sababu ubao hauna kamba ya kumfunga mguuni. Kusimama juu ya ubao huja mwisho. Kozi ya mwanzo shule nyingi huipangia saa 9 hadi 12, zikigawanywa kwa siku 3 au 4, na wengi hutoka hapo wakiwa wamesimama kwa hatua chache tu. Hiyo ni kawaida.

Hesabu ndogo yenye maana kubwa

Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Mwanafunzi hufunzwa vizuri kati ya noti 12 na 20 hivi. Lakini nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Kutoka noti 15 hadi 21 tu, nguvu inayovuta nyuzi inakaribia maradufu. Mtu aliyesimama ufuoni hahisi tofauti kubwa usoni. Ndiyo maana walimu hubeba kipimo cha upepo mfukoni, na shule huwa na tiara za ukubwa mbalimbali, kuanzia mita mraba 5 hadi 15 na zaidi. Upepo ukiwa mkali huchukua ndogo, ukilegea huchukua kubwa.

Nyuzi nazo si fupi: mita 20 hadi 27 kwa kawaida. Maana yake ni kwamba mwanafunzi mmoja anahitaji nafasi tupu ya mita 50 upande ambao upepo unaelekea, pasipo na mnazi, ukuta wa hoteli, wala watoto wanaojenga nyumba za mchanga.

Kidole gumba na kiganja kichwani

Ufuoni upepo hufuta maneno, kwa hiyo watu huzungumza kwa mikono. Kidole gumba juu: irushe tiara yangu. Kiganja kinachogonga utosi: nisaidie kuishusha. Ishara hizi ni zilezile Diani, Paje, Brazil na Uholanzi. Anayetembea tu ufuoni akizijua anaweza kumwokoa mtu.

Mwalimu wa shule aliyekwepa ushuru wa barabara

Tiara ya kuvuta watu si jambo jipya. George Pocock, mwalimu wa shule huko Bristol, Uingereza, mwaka 1826 alipata hataza ya gari lililovutwa na tiara mbili badala ya farasi. Lilikimbia barabarani hadi takriban kilomita 32 kwa saa. Ushuru wa barabara wakati huo ulitozwa kwa kuhesabu wanyama, na kwa kuwa gari lake halikuwa na mnyama hata mmoja, walinzi wa vizuizi hawakuwa na cha kumtoza. Kabla ya hapo alikuwa amempandisha binti yake Martha angani kwenye kiti kilichoinuliwa na tiara. Martha huyo ndiye aliyekuja kumzaa W. G. Grace, mcheza kriketi mashuhuri.

Mwaka 1903 Samuel Cody alivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa mashua iliyovutwa na tiara. Kisha wazo likalala miongo mingi, hasa kwa sababu moja: tiara ikianguka majini ilikuwa imekwisha. Waliofungua njia ni ndugu wawili wa Brittany, Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux. Mwaka 1984 waliomba hataza ya tiara yenye mirija inayojazwa hewa kwa pampu, hivyo ikianguka huelea na huweza kurushwa tena kutoka majini. Hakuna aliyewasikiliza kwa zaidi ya miaka kumi. Tiara zao ziliingia sokoni kwa nguvu mwaka 1997, na mwaka uliofuata mashindano yakafanyika Maui, Hawaii. Kila tiara ambayo mwanagenzi wa Diani huipampu leo ina mirija ile.

Udongo wa Ukambani chini ya miguu ya mwanafunzi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami.

Mto Athi ndio mpaka kati ya Makueni na Kitui. Ukishaungana na Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Humwagika kaskazini mwa mji wa Malindi. Upande wa pili wa Kitui kuna Tana, inayomwagika kaskazini zaidi, Kipini. Kwa hiyo Kitui imekaa kati ya mito miwili mirefu kuliko yote nchini, na mito yote miwili inaishia katika ghuba moja. Kinachosombwa kutoka miteremko ya Mbooni, kingo za Thwake au njia za mifugo za Kitui Kusini kina mahali pake pa kufikia.

Matumbawe ya Malindi yameweka kumbukumbu ya udongo huo. Hukua kwa tabaka za mwaka hata mwaka, na kila tabaka hubeba kemikali za maji ya wakati wake. Mwaka 2007 wanasayansi wakiongozwa na Dominik Fleitmann walichapisha walichokisoma katika tumbawe la miaka 300 kutoka hifadhi ya bahari ya Malindi. Walipima madini ya bariamu, ambayo huingia baharini pamoja na udongo wa mtoni. Kati ya mwaka 1700 na 1900 hivi, kiwango kilikaa karibu palepale. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 kilipanda, kikaendelea kupanda, na kikafika kilele cha kwanza kati ya 1974 na 1980. Miongo ya ukoloni, ya ardhi kumegwa na watu kubanwa kwenye vilima, imeandikwa ndani ya jiwe lililo hai chini ya bahari.

Wakamba hawakukaa kutazama. Matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu wa mteremko, yameenea kutoka Ukambani mpaka nchi nyingine za Afrika. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, iliongeza watu zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990 huku mmomonyoko mashambani ukipungua. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga wa mito yake. Hata hivyo Sabaki bado inashuka ikiwa nyekundu. Shamba limetibiwa, kingo za mito, barabara za vumbi na malisho yaliyochoka bado hayajatibiwa vya kutosha.

Na udongo huo umetengeneza ufuo wa aina yake. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi kavu. Matumbawe hayastahimili tope wala maji mengi yasiyo na chumvi, kwa hiyo karibu na mlango wa Sabaki mwamba huo umekatika. Mahali pake pana ghuba ya mchanga mpana, na nyuma yake vilima vya mchanga vilivyolundikwa na upepo, kule Mambrui. Ni katika kipande hicho cha pwani, Che Shale, ndipo mchezo wa tiara ulipopata mojawapo ya makao yake ya kwanza nchini. Mwanafunzi anayeanguka hapo huangukia mchanga, si mwamba wa kumkata miguu. Sehemu ya mchanga ule ilikuwa shamba la mtu Ukambani. Siwezi kuufurahia ufuo ule bila kulikumbuka hilo, na sidhani mtu yeyote anapaswa kuweza.

Bahari inayoondoka mara mbili kwa siku

Diani na Galu mambo ni tofauti, kwa sababu huko mwamba upo. Unazuia mawimbi makubwa, na ndani yake maji hutulia na kuwa ya kina cha kiuno, mahali pazuri mno pa kujifunzia. Shida ni maji kupwa. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na pale ulipokuwa ukielea asubuhi panaweza kuwa mawe makavu mchana. Kujaa kwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya darasa nayo husogea kila siku. Mtu wa bara aliyezoea kuambiwa "kuwa hapa saa tatu" hushangaa kuambiwa kesho ni saa nne kasoro dakika kumi.

Paje kuna jambo zaidi. Kilimo cha mwani kilianzishwa huko na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni akina mama. Mashamba yao ni vigingi na kamba zilizotandazwa katika maji yaleyale mafupi ambayo wanafunzi wa tiara huyataka. Kigingi humjeruhi anayeanguka, na anayeburutwa huharibu kazi ya miezi. Shule nzuri huanza kwa kumwonyesha mwanafunzi mashamba yalipo na kumwambia asikanyage. Akina mama walikuwepo kwanza.

Upepo mzuri na upepo wa kukutupa

Pwani yetu inaelekea mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo kaskazi na kusi zote mbili huja upande upande zikielekea kidogo nchi kavu. Mwanafunzi akishindwa, husukumwa ufuoni. Ni bahati ambayo nchi nyingi hazina. Upepo wa kuogopwa ni ule unaotoka nchi kavu kwenda baharini, kama umande wa alfajiri, au upepo wa ghafla unaotangulia wingu la mvua. Wingu jeusi likionekana, tiara hushushwa bila mjadala. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa ilani za upepo mkali na mawimbi makubwa pwani. Ni vyema kuzisoma kabla ya kupanda gari.

Bingwa kutoka nchi isiyo na bahari

Mchezo wa tiara uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Paris 2024, na mashindano yake yalifanyika Marseille. Dhahabu ya wanaume ilichukuliwa na Valentin Bontus wa Austria. Tafuta Austria kwenye ramani: haina bahari kabisa. Dhahabu ya wanawake ilikwenda kwa Ellie Aldridge wa Uingereza. Shaba ya wanaume ilichukuliwa na Max Maeder wa Singapore, aliyekuwa bado na miaka 17.

Ikiwa nchi isiyo na bahari inaweza kutoa bingwa, je, Kitui na Makueni nazo zitapata maji yao? Bwawa la Thwake, linalojengwa pale mto Thwake unapoingia Athi, mpakani mwa kaunti hizi mbili, limepangwa kubeba mita za ujazo milioni 688. Litakuwa ziwa la kweli. Lakini nisingependa mtu aote kujifunzia tiara pale. Upepo wa bara huvunjwavunjwa na vilima na joto la ardhi. Huja kwa vishindo, ukikatika na kurudi, na vishindo ndivyo humwumiza anayeanza. Athi pia ina mamba na viboko. Maji yale yana kazi ya kunywesha watu na mashamba. Kinachowezekana bara ni somo la kwanza lile la pakavu: tiara ndogo, uwanja wa shule usio na nyaya za umeme, na mtu mzima anayejua. Watoto wa Ukambani walikuwa wakitengeneza tiara za juala mpaka Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Karatasi na vijiti bado vipo.

Ukiamua kwenda

Wakamba walikuwa wakishuka pwani na misafara ya pembe za ndovu zamani. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, na ni kutoka Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya Desemba ya mwaka huo. Jamii za Wakamba zimeishi Rabai na Kwale tangu karne ya 19, njaa za bara zikiwa mojawapo ya sababu za kuhama. Shimba Hills, nyuma tu ya Diani, utasikia Kikamba sokoni.

Leo treni ya abiria ya Nairobi hadi Mombasa, ile ya kaunti kwa kaunti, husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na anayetoka Kitui anaweza kuteremka kwa barabara ya lami ya Mutomo hadi Kibwezi. Nenda Januari au Februari kwa kaskazi, au Julai na Agosti kwa kusi. Kaskazi huwa na joto na mara nyingi hukaza baada ya adhuhuri. Kusi ni kali zaidi na ina mawingu. Usiende Aprili ukatarajia kujifunza. Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: mwalimu ana cheti gani, anafundisha wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, kuna boti ya uokoaji, na kofia ngumu na jaketi la kuelea vimo katika bei? Beba viatu vya majini kwa sababu ya miiba ya mwambani, na shati la mikono mirefu kwa ajili ya jua. Na kama hujui kuogelea, jifunze hilo kwanza, hata kama ni katika kidimbwi cha kuogelea cha hoteli mjini Kitui au Wote. Maji ya kiunoni hubaki ya kiunoni kwa saa chache tu, kisha bahari hujaa.